Kichuguu cha Kambo Mwaba

"Wananchi wote wa avenue hii, wake kwa waume, mnatangaziwa ya kwamba, kwa amri ya ngazi za juu kabisa, kazi ya lazima ya Salongo ya Jumamosi hii itafanyika uani kwa Citoyenne Mwaba. Kichuguu kilicho nyuma ya nyumba yake, ambacho ni adui wa maendeleo, kitabomolewa mpaka chini. Kila mmoja aje na jembe. Udongo wake una kazi ya taifa. Asiyefika atajieleza."

Ngazi za juu kabisa zilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano. Alhamisi hiyo asubuhi zilikuwa zimekaa jikoni, zimevaa soksi mbili mbili kwa baridi, zikichonga muhuri wa serikali kutoka kwenye kiazi kitamu. Jina lao lilikuwa Chomba, na zilikuwa zimerudi likizo kutoka shule ya bweni ya Kipushi, ambako ziliwahi kutangaza mapumziko kwa heshima ya mtakatifu asiyekuwepo, darasa zima likalala mpaka saa tatu.

Lakini safari hii mchezo ulikuwa na kazi.

Mwezi wa saba, Ruashi, baridi haibishi hodi. Nyumba ya bibi yake, ambaye yeye humwita Kambo kama watoto wote wa Lubumbashi, ilijengwa na marehemu babu zamani za Wabelgiji, na tangu babu afe hakuna aliyeziba ufa hata mmoja. Mabati yalitoa jasho asubuhi. Kambo Mwaba alikohoa kuanzia jua likizama, kikohozi cha kukata maneno katikati. Mbabula, jiko dogo la makaa, walikuwa wakiiingiza chumbani, mpaka muuguzi wa dispansari akawakataza: moshi ule ungemuua kabla ya baridi.

Jumapili iliyopita mjomba Antoine alikuja kutoka Kasomeno, akagusa ukuta kwa kiganja, akatikisa kichwa.

"Mama, hii haiko nyumba, iko frigo. Siku ya Mungu, Jumapili inayokuja, ninakuja na kamyo. Tunaenda kwangu, kule kuko joto."

"Siendi."

"Sababu gani?"

"Sababu siendi."

"Basi nikute nyumba iko na moto. Nikikosa, ninakubeba na kitanda yako."

Chomba alisikia yote akiwa mlangoni. Kambo ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka miwili. Nyumba ikifungwa, kila likizo wenzake wangepanda basi kurudi kwao, naye angepanda kwenda wapi?

Ndipo akaikumbuka hadithi ya Frère Liévin, mwalimu wao wa fizikia. Kijijini kwa bibi yake Frère, huko Ulaya, watu hujenga jiko kubwa la matofali katikati ya nyumba. Moshi hautoki moja kwa moja. Unapandishwa, unashushwa, unazungushwa ndani ya ukuta mpaka umeacha joto lake lote kwenye matofali, ndipo unaruhusiwa kwenda zake. Unachoma kuni saa mbili tu, nyumba inabaki na joto mpaka kesho yake.

Chomba alilichora kwenye daftari la fizikia, kurasa nne, kwa mishale myekundu ya moshi. Akalipima kwa kamba kati ya chumba cha Kambo na sebule, ili mgongo wa jiko uwe ukuta wa kitanda chake. Kwa tumbo la moto alikuwa na matofali ya tanuru la shaba, ambayo babu aliyaleta kutoka kazini moja moja kwa baiskeli na kuyapanga kuzunguka maua. Maua yalihurumiwa kwa dakika moja, kisha yakang'olewa. Kilichobaki ni udongo, tena mwingi, na Katanga nzima inajua udongo wa kujengea ni wa kichuguu. Na hicho hapo nyuma ya nyumba, kirefu kuliko mlango.

"Kambo, nitakata udongo kidogo pa kichuguu."

"Kile usikiguse."

"Kuko nyoka?"

"Nimesema usikiguse, mujukulu wangu. Tafuta kwingine."

Muda wa kutafuta kwingine haukuwepo. Chomba alilitafakari jambo hilo kwa uzito unaostahili wanafalsafa. Yeye hakuwa na nguvu mbele ya Kambo. Lakini Kambo naye hakuwa na nguvu mbele ya Serikali. Miaka ile karatasi ikiwa na muhuri hakuna aliyeiuliza imezaliwa wapi. Watu arobaini wangeangusha kichuguu kwa asubuhi moja, jioni angeanza kujenga, na Jumapili mjomba angelikuta jiko limefika magotini. Hata lisipowaka, angeona aibu kumbeba mama yake. Na Kambo, mgongo wake ukishapata joto, angesamehe.

Ijumaa alfajiri akaibandika karatasi yake karibu na bomba la maji.

Jumamosi walifika wote. Papa Casimir, mkubwa wa avenue, hakukumbuka kupewa amri yoyote, lakini kukiri hivyo kungekuwa kukiri kwamba ngazi za juu zilimruka. Kwa hiyo akatoa hotuba. Alisema kichuguu hiki kilimsumbua rohoni siku nyingi. Chomba, jembe begani, alipiga makofi kuliko wote.

Kambo alitoka amejifunika blanketi.

"Papa Casimir, nakuomba. Bakate mahali pengine."

"Mama, hata mimi ningependa. Lakini iko amri. Iko na muhuri."

Kambo alimtazama, akatazama majembe, akaweka mkono mdomoni. Chomba aliona, lakini akajiambia: jioni atacheka.

Walianza juu. Udongo ulianguka mabonge mekundu, mazuri. Saa nne walikuwa wamefika kiunoni, na jembe la mtu mmoja likagonga kitu kikalia kama sahani. Chungu kidogo, kimefunikwa kigae. Yule mtu akainama kukifunua.

"Acha!"

Alikuwa Mama Delphine, jirani, mwanamke ambaye hajawahi kupaza sauti hata sokoni. Alimsukuma yule mtu, akavua kitenge chake cha juu akakifunika chungu. Wanawake wengine wakaja bila kuitwa, wakasimama mduara, migongo yao kwa wanaume.

"Tokeni," Mama Delphine alisema. "Banaume bote. Hii haiko mambo yenu."

Papa Casimir alivua kofia. Wazee walielewa kwanza, wakatoka wakiburuta majembe. Chomba hakuelewa mpaka mzee mmoja alipomwambia njiani, kwa sauti ya chini, akitazama pembeni. Mtoto anayekufa kabla ya kupewa jina hana kilio, hana matanga. Wanawake peke yao humlaza ndani ya kichuguu, karibu na mama yake, na mwanaume haambiwi. Hata babu yako, alisema mzee, pengine aliishi na kufa akijua tu kwamba mimba ile iliharibika.

Chomba aliporudi, uani hapakuwa na mtu. Wanawake waliondoka na chungu pamoja na Kambo, na mpaka leo hajui walikipeleka wapi. Udongo ulikuwa umerundikwa hapo, wa kutosha majiko matatu.

Asubuhi ya Jumapili mjomba Antoine alipofika na maneno yake tayari mdomoni, alimkuta mama yake amekaa juu ya valizi yake ya nguo.

"Tuende," Kambo alisema. "Hapa sina kitu tena."

Mjomba akaanza kupakia kitanda. Kambo alimwita Chomba, akatoa chini ya blanketi ile karatasi ya bombani. Hakuwahi kujifunza kusoma.

"Unisomee. Nataka kujua ni mukubwa gani. Siko na ugomvi naye. Nataka jina tu, nisije nikamuombea mabaya mutu mwingine."

Chomba aliishika. Macho yalikuwa yamejaa maji, herufi zote zimekuwa doa moja. Akaanza kusoma. Wananchi wote wa avenue hii, wake kwa waume. Alisoma vizuri, kama anavyosomeshwa mtoto wa bweni, bila kukwama. Alipofika kwenye adui wa maendeleo, Kambo alinyoosha mkono taratibu akaichukua karatasi. Mdomo wa Chomba uliendelea wenyewe. Kila mmoja aje na jembe. Udongo wake una kazi ya taifa.

Kisha akaona mikono yake haina karatasi.

Kambo alikuwa amekunja karatasi magotini. Hakukohoa. Alingoja.

"Hakuna mukubwa, Kambo," Chomba alisema. "Hakuna amri. Niliandika mimi. Muhuri niliutengeneza mimi. Uliniambia nisikiguse, nikaita avenue nzima. Nilitaka usiende."