Sufuria ya Mtani

Watu wengi wa Tabora wanadhani anayepokea simu za zimamoto ni jitu lenye kofia ya chuma na mabega ya kubeba mipira ya maji. Koplo Maua alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nzuri. Alikaa kwenye kiti chenye mguu mmoja uliolegea, mbele ya simu, redio ya mawasiliano na feni iliyopuliza upande mmoja tu, na upande huo haukuwa wake. Tangu ahamishwe kutoka Dar es Salaam hakuwahi kuuona moto hata mmoja. Aliusikia tu.

Na alichosikia kilikuwa mwanzo. Mama anapiga kelele jikoni, Maua anauliza jina, anauliza mahali, anauliza kama kuna mtu ndani, anabonyeza kengele, gari linatoka likilia, na hapo hapo habari inamponyoka. Mwisho wake walikuwa nao Sajenti Nestory na vijana wake. Walirudi wamelowa, wananuka moshi, wakasimuliana uani huku wakikunja mipira. Maua akichungulia dirishani kuuliza, "Yule mtoto mlimtoa?" wanamjibu, "Yupi tena?" maana kwao hayo yalishapita. Basi anarudi kwenye kiti chake.

Simu nyingine zilikuwa za kipuuzi. Namba ya dharura ni ya bure, na cha bure hakikosi wateja. Watoto waliuliza kama zimamoto wanauza barafu. Walevi waliomba waunganishwe na wake zao. Wengine walipiga wakakaa kimya, wakipumua tu, na hata hao ilibidi awasikilize, kwa sababu kituoni kwao mpokeaji hakati simu kwanza. Huwezi kujua, pengine anayenyamaza moshi umeshamjaa kooni. Anayekata ni aliyepiga, na sheria hiyo Maua aliishika kwelikweli.

Jioni alirudi kwenye chumba chake cha kupanga, Gongoni, akapika, akala, akanyamaza. Mtu aliyeshinda na sauti za watu masikioni hata simu ya dada yake haitamani. Aliacha kuwapigia ndugu zake, nao wakaacha kumpigia. Siku moja mwenye nyumba alimgongea mlango kuomba kiberiti, Maua akaitika, "Zimamoto, eleza shida yako!" Walicheka wote wawili. Mwenye nyumba alipoondoka, Maua alikaa kitandani akalia. Alikuwa mpweke, hakuna namna nyingine ya kulisema jambo hilo.

Simu ya Mzee Jilala iliingia alasiri moja ya kiangazi, saa ambazo kila mwenye akili yuko kivulini.

"Zimamoto, eleza shida yako."

"Nyuki," ilisema sauti ya mzee. "Wameingia darini kwangu. Sasa hivi wao ndio wenyeji, mimi ndiye mgeni."

"Shikamoo, babu. Jina lako?"

"Marahaba. Jilala."

"Uko wapi, babu?"

"Kwihara. Ukishapita makumbusho uliza kwa Jilala wa mizinga. Hata mbuzi watakuonyesha."

Maua alikuwa ameshaandika nusu. Kalamu ikasimama.

"Babu, wewe si Mnyamwezi?"

"Sasa niwe nani?"

"Na mizinga unayo?"

"Tangu ujana wangu."

"Mnyamwezi mwenye mizinga anawaita zimamoto kwa ajili ya nyuki? Si uhame nchi tu, babu!"

Lilimtoka kabla hajalizuia. Maua akaanza kujiona anaandikiwa barua ya onyo.

"Binti," mzee akasema polepole, "wewe kabila gani?"

"Mzaramo, babu. Wa Maneromango."

Mzee alicheka mpaka akapaliwa. "Nilijua! Mdomo huo haukuzaliwa huku bara. Mtani wangu huyo! Sasa sikiliza. Magoti yangu hayapandi tena darini, ndiyo maana nimewaita. Lakini wewe nina kesi na wewe. Babu yangu alibeba pembe kutoka hapa Kwihara mpaka pwani, kwa miguu yake. Akalala kwenu Uzaramo usiku mmoja tu. Asubuhi anaamka, sufuria yake haipo!"

"Aliisahau kwenye ngoma zetu, babu. Alikuwa hataki kuondoka."

"Mliiba! Nataka sufuria yangu."

Ndivyo walivyo Wanyamwezi na Wazaramo tangu siku za misafara. Mtani wako atakutukana mbele ya wakwe zako na huruhusiwi kununa. Siku ukifa, yeye ndiye atakayekaa mbele ya kaburi na kukuzuia usizikwe mpaka apewe chake, akikuigiza ulivyotembea na ulivyokohoa, mpaka wafiwa wacheke na machozi yao usoni. Maua alikuwa amesahau kwamba huku alikohamishiwa kumejaa watani zake. Kituoni hakuna aliyemtania, kila mtu alimwita Koplo.

Gari lilikwenda, vijana wakawahamishia nyuki kwenye mzinga. Kesho yake alasiri simu ikalia.

"Zimamoto, eleza shida yako."

"Sufuria iko wapi?"

Tangu hapo akawa anapiga kila alasiri. Hakukaa sana. Aliuliza, "Umekula nini leo, mwizi wewe?" Maua akisema wali, mzee anashangaa wali usio na nazi unapitaje kooni mwa Mzaramo. Maua naye anamuuliza kama leo ameshamkimbia nyuki yeyote. Vocha mzee hakuwa nayo, alisema vocha ni za wenye ng'ombe, na namba ya bure aliyoijua ilikuwa hiyo moja. Mke alishazikwa. Bintiye Martha, anayeishi naye, alishinda shambani.

"Rika langu limekwisha," alimwambia siku moja, bila kucheka. "Waliobaki wote ni wadogo kwangu. Wananipa shikamoo, wananipa kiti, halafu wanakaa kimya. Wananiheshimu mpaka nachoka. Hakuna wa kunitukana, mtani."

"Mimi nipo, kizee wewe," Maua akasema.

Akaanza kuisubiri saa hiyo. Alianza hata kuchana nywele mchana, kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kumwona na asingeweza kumwona.

Halafu, alasiri moja maongezi yalipowanogea, likaja la Gongoni. Jiko la mama mmoja lilishika moto, akapiga mara nyingi, na simu ilikuwa inatumika. Mpaka alipoipata, jiko lilikuwa limeanguka. Hakuumia mtu. Sajenti Nestory alirudi na masizi usoni akasimama mlangoni. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomwumiza Maua zaidi.

"Yule mama alikuwa na mtoto mgongoni," akasema. "Ulikuwa unaongea na nani, Koplo?"

Maua aliinamia daftari lake la simu, kwa sababu jibu lilikuwa la kuchekesha na hakuna aliyekuwa anacheka.

Kesho yake alasiri Nestory alikuja kukaa kwenye kona ya meza yake. Simu ikalia.

"Ipokee," akasema.

"Zimamoto, eleza shida yako."

"Sufuria iko wapi?"

"Mzee, hii ni namba ya dharura," Maua akasema kwa sauti ya kiofisi, ile ya walevi. "Si ya maongezi. Usipige tena isipokuwa nyumba inaungua."

Upande wa pili jogoo aliwika bila mpango. Pumzi za mzee zilisikika.

"Sawa, afande," akasema.

Hakuwahi kumwita afande. Maua alingoja akate, asikate. Alikuwepo tu, akipumua, na Nestory alikuwa akimtazama. Maua akaurudisha mkonga wa simu mahali pake. Alikata yeye kwanza.

Mzee Jilala hakupiga tena. Alasiri zikarudi kuwa alasiri. Maua aliikumbuka namba yake kwa kichwa, angeweza kumpigia kutoka simu yake mwenyewe, na jioni kadhaa aliziandika tarakimu zote kisha akazifuta. Maneno yenyewe yalikuwa madogo: babu nisamehe, sikuwa mimi, ilikuwa kazi. Lakini aliona yasemwe uso kwa uso. Maisha yake yote yalikuwa ya simu, angalau jambo hili moja alipeleke kwa miguu yake.

Akaenda sokoni kununua sufuria. Muuzaji alimuuliza ya watu wangapi. "Ya mtu mmoja mlalamishi," akajibu, akachagua ya wastani, yenye mfuniko, inayong'aa. Siku yake ya mapumziko ilipofika, mwenzake aliugua malaria, Maua akamshikia zamu. Mapumziko yaliyofuata alifua sare, akapiga pasi, akapanga vitu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa, mpaka jua likazama, kwa sababu aliogopa. Sufuria ilikaa rafuni ikimwangalia. Hatimaye asubuhi moja aliifunga kwenye kitenge, akapanda bodaboda.

Njia nzima alijizoeza. Nimekuletea sufuria yako, kizee mlalamishi, na mimi nipe asali. Alicheka peke yake, dereva akamtazama kwenye kioo. Walipita makumbusho. Haikuhitajika kuwauliza mbuzi, maana watu walikuwa wengi wakielekea upande mmoja. Mbele ya nyumba ya tope na bati kulikuwa na turubai, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye moshi wa kuni, na majembe yameegemezwa ukutani. Dereva alizima pikipiki bila kuambiwa.

Maua alielewa. Alibaki amesimama na sufuria yake kifuani.

Mwanamke mnene aliyejifunga khanga kiunoni alimjia. Alikuwa Martha. "Karibu, mama. Umetokea wapi?"

"Mjini. Pole sana, dada. Mimi ni mtani wake. Wa kwenye simu."

Martha alimtazama, akaitazama sufuria, akaziba mdomo. "Wewe ndiye mwizi wa sufuria?" Akaanza kucheka, machozi yakimtiririka, akawaita wanawake wenzake. "Jamani, yupo! Yule Mzaramo yupo! Kila jioni alikuwa akitusimulia habari zako. Tukajua uzee tu, amejitungia mtu."

Akamshika mkono, akamkalisha mkekani, akamsimulia kama mambo ya msibani yanavyosimuliwa. "Juzi kifua kilimbana. Nikamwambia, baba, piga ile namba yako, watu wa zimamoto watuletee gari. Unajua alinijibu nini? 'Mtani wangu kasema nisipige mpaka nyumba iungue. Hebu tazama, Martha, nyumba inaungua?' Na maumivu yale, anacheka! Tukahangaika na bodaboda. Mpaka inafika, alikuwa ameshatulia." Martha akajifuta macho. "Mlikuwa mnataniana nyie watu!"

Hakuwa na lawama hata chembe. Wanawake walicheka na kutikisa vichwa. Maua alitaka kusema kwamba ule haukuwa utani, kwamba siku ile alimaanisha, kwamba alikuwa na sajenti pembeni na akaona haya kuwa mtu wa mtu. Alifungua mdomo. Lakini jeneza likatolewa, kila mtu akasimama, na kilio kikameza yote.

Kaburini Maua aliwapenya wanaume waliobeba mikanda ya kushushia jeneza, akaketi ukingoni kabisa, miguu inaning'inia ndani ya shimo. Hakuwahi kufanya kazi hii, ila alimwona mama yake akiifanya Maneromango. Aliondoa mfuniko, akaivaa sufuria kichwani kama kofia ya chuma.

"Hazikwi mtu hapa!" akapaza sauti.

Katekista alifunga kitabu chake akarudi hatua moja. Naye alikuwa Mnyamwezi, aliijua haki ya mtani.

Maua akapeleka mkono sikioni. "Zimamoto, eleza shida yako! Jina? Jilala. Uko wapi? Waulize mbuzi!" Akacheka kile kicheko cha mzee mpaka akapaliwa kama yeye, sawasawa, na watu wakaangua kicheko, Martha akamshikilia jirani yake asianguke. "Mwenye mizinga anayekimbia nyuki! Haya, sufuria yako imefika, iko kichwani kwangu, njoo uichukue. Unanyamaza? Ukiambiwa usipige unatii, wewe? Tangu lini Mnyamwezi akamtii Mzaramo? Ungepiga tu, babu! Ungepiga tu!"

Sauti ilikatika hapo. Waliendelea kucheka, na wengine walikuwa wakilia, kama inavyotakiwa. Maua alikaa na mkono sikioni, kichwa ameinamisha kidogo, kama alivyokaa siku zote kazini mtu akipiga na asiseme kitu.

Martha alimletea chupa ya asali, ya wale nyuki wa darini, akamwekea mapajani. "Pokea chako, mtani. Tupishe tumlaze."

Maua aliishika chupa kwa mkono mmoja. Ule mwingine haukutoka sikioni, na yeye hakuinuka.

"Basi, mtani," katekista akasema kwa upole. "Inatosha. Kata simu."

"Siwezi," akasema Maua. "Anayekata ni aliyepiga."

Watu wakacheka tena, wakijua ni utani, na wenye majembe wakangoja.