Tiara Iliyodakwa Mara Mbili

Kwenye skrini, wasichana wawili walikimbia katika bustani yenye ukungu, wakifukuza tiara iliyokatika uzi. Mshonaji mmoja, aliyekuwa akijifunza kutengeneza michezo ya kompyuta, akabonyeza kitufe, msichana wake akaidaka. Kwenye kompyuta ya pili, pembeni yake, yule msichana mwingine naye alikuwa ameidaka, anashangilia.

"Mwalimu, mbona wameshinda wote?"

Mwalimu, mama mcheshi aliyewafundisha wanaoanza kutengeneza michezo ya kuchezwa na watu walio mbalimbali, alivuta kiti.

"Kila mashine inaamini macho yake. Habari za mwenzake huchelewa njiani, na zikifika, yenyewe imeshajitangazia ushindi. Hakuna inayosema uongo, mwanangu. Chagua moja iwe mwamuzi, nyingine ikubali kusahihishwa."

"Ikubali tu hivi hivi?"

"Itanuna kidogo, halafu itazoea."

Darasa likacheka. Mshonaji hakucheka. Mchezo huo alikuwa akimtengenezea mdogo wake aliyeishi nchi ya mbali, ambaye hawakuwa wamesemezana naye tangu mazishi ya mama yao. Kila mmoja alishikilia kwamba siku ile alipiga simu, na mwenzake ndiye hakupokea. Sasa mdogo mtu alikuwa amekubali kucheza, mara moja tu, jioni hiyo. Mshonaji alikuwa na hamu naye, na bado alitaka kumshinda.

Palipotakiwa jina la mashine ya mwamuzi, vidole vyake vilikuwa vimeshaandika la mashine yake. Alilitazama kwa muda, ukungu ukipita polepole bustanini. Akalifuta, akaandika la mashine ya mdogo wake.

Jioni walicheza bila neno, simu ikiwa hewani. Tiara ilishuka ikiyumba, nyepesi, kana kwamba haina haraka ya kufika. Mshonaji akaruka akaidaka. Aliiona kabisa mikononi mwake. Halafu taratibu ikamponyoka, ikaenda kutulia mikononi mwa yule mwingine.

"Dada," sauti ilisema simuni, "umeniachia?"

"Sikukuachia. Wewe ndiye uliyewahi."

Kwenye skrini, msichana wa mdogo wake akamsogelea wa kwake.

"Siku ile nilipiga, dada."

Jibu la miaka yote lilimjia mdomoni. Akalimeza.

"Ulipiga," alisema.

Bustanini, wasichana wawili walisimama karibu karibu, na hakuna aliyekuwa akiwasogeza.