Mfereji wa Marehemu

“Weka spana chini, Jalila!”

“Siweki.”

“Nimesema weka chini! Huo si mfereji wa jikoni kwako. Ni sadaka ya marehemu baba.”

“Basi sadaka hiyo nusura imuue mama yako leo alfajiri,” Jalila akasema, na spana akazidi kuikamata.

Walikuwa wamesimama ubavuni mwa nyumba yao ya Jomvu Kuu, upande wa kijia cha kwendea msikitini. Shemejiye, Mahfudh, alikuwa ametoka Miritini na kanzu yake ya Ijumaa, akajipenyeza kati ya Jalila na ukuta kama mlinzi wa benki. Nyuma yake ulitokeza mfereji wa shaba, umeviringwa vipande vya mpira wa baiskeli hadi umefura kama kidole chenye jipu. Maji yalitiririka chini yake mchana kutwa na usiku kucha. Ukuta pale ulikuwa umeota ukungu wa kijani.

Mfereji huo aliuweka Mzee Badi, baba yao Mahfudh na Najib mume wa Jalila, ili wapitao kwenda kusali wapate maji ya kutawadha. Baada ya kufa kwake, Mahfudh alitoa kauli na kauli ikawa sheria: mfereji wa mzee haubadilishwi. Atakayeweka mwengine, thawabu zitamfuata yeye, na mzee kaburini atakatikiwa. Kwa hiyo ulipoanza kutona, ukafungwa mpira. Ulipotiririka, ukaongezwa mpira. Na kila Ijumaa Mahfudh akija kumsalimu mamake hupita kwanza hapo, akaukaza kwa nguvu zake zote hadi ukalia, kisha akaingia ndani ameridhika.

Mifereji ya ndani aliitunza Jalila mwenyewe. Mmoja ukianza tu kudondosha, hufunga maji, akaufungua, akabadilisha kile kipande cha mpira cha ndani wanachokiita wosha, na kabla chai haijachemka kazi imekwisha. Huu wa nje aliambiwa haumhusu. Alinyamaza, akaona rangi ikivimba nyuma ya ukuta ule, chumbani kwa mama mkwe, Bi Tima, kisha saruji ikilainika kama ugali, naye bado kanyamaza. Leo alfajiri, Bi Tima ametoka tu kitandani kwenda kusali, kipande cha ukuta kikaporomoka kwenye mto wake. Jalila alikikuta pale, kizito, kinadondosha maji, mahali pa kichwa cha mtu mzima wa watu.

“Ukuta ni wa zamani,” Mahfudh alisema. “Kuta za zamani huanguka.”

“Huanguka upande wa mfereji tu? Upande wa pili zinaogopa nini?”

Mumewe, Najib, alikohoa. Alikuwa ameegemea mlango tangu ugomvi uanze. “Jamani, tungengoja tukasali kwanza, halafu tukae kitako…”

“Wewe, Najib, hapo mlangoni umeota mizizi. Kaa kitako wewe. Mamako leo usiku alale wapi?”

Najib akazidi kuuegemea mlango.

“Shemeji,” Mahfudh akapunguza sauti, ile sauti yake ya kufundishia watoto, “hili ni jambo la dini. Hukulisomea huko chuoni kwenu.”

“Nilifunzwa na babangu kabla ya chuo. Si tumekatazwa israfu ya maji, hata mtu akiwa ukingoni mwa mto? Angalia miguuni pako. Hayo maji hatawadhii mtu, yanakwenda chini ya ukuta bure. Hizo ndizo thawabu unazomlindia mzee?”

Mahfudh aliinamisha macho kwenye tope. Shingo ilimtokea mishipa. “Mimi nilikuwa safarini baba alipokufa,” alisema. “Sikumzika. Kitu alichokishika yeye na mimi nikakishika ni hiki tu.”

Jalila alimtazama. Maneno yale yalimgusa, na kuguswa kukamzidishia hasira, maana huruma ndiyo iliyomnyamazisha muda wote huo hadi ukuta ukaporomokea mto wa mama mkwe.

“Muulize mama,” alisema. “Chumba ni chake na mume ni wake.”

Bi Tima alikuwa amekaa kwenye baraza, mkono umekamata leso kifuani. “Mimi nnaogopa mambo mawili,” alisema polepole. “Nnaogopa kumkatia Badi thawabu zake. Na nnaogopa kile chumba. Tangu asubuhi sijakiingia.”

“Umesikia?” Jalila akasema. “Mtu anaogopa chumba chake mwenyewe!”

Akamzunguka Mahfudh, akapiga magoti kwenye tope, akafunga maji pale bomba linaposhuka kutoka kwenye tangi. Kisha akachukua kisu, akaikata mipira yote. Mmoja baada ya mwengine ikaanguka, myeusi na yenye utelezi, inanuka shimo.

“Jalila! Ntakushitaki kwa wazee!”

“Nenda. Wakute nimekwisha.”

Akatia spana. Mfereji haukuhitaji hata nguvu, ulitikisika kama jino bovu, ukamfuata mkononi. Akaugeuza, akamwekea Mahfudh mbele ya pua.

“Tazama, shemeji. Wosha imekatika vipande kwa kukazwa. Kiti chake, pale wosha inapokalia, kimechimbika. Na hapa shingoni, umeona ufa? Kila ulipokaza, ulikuwa ukiusokota mfereji mzima, nyuzi zake za skrubu zikaachana na bomba, maji yakapata njia ndani ya ukuta. Hapakuwa na adui hapa. Ni wewe na Ijumaa zako.”

Mahfudh aliupokea. Aliupitisha ukucha kwenye ule ufa, mara moja, mara mbili.

Jalila alikuwa amedhani atabadilisha wosha tu, na wosha moja alikuwa nayo mfukoni. Lakini mfereji uliopasuka shingo hautengenezeki. Duka la vifaa limefungwa mpaka watu watoke msikitini, na kijiani wazee wawili walishakuja na kofia zao, wamesimama wakitazama tundu la ukutani.

“Maji hakuna?” mmoja akauliza.

“Yapo, baba. Pipa lile pale na kata iko juu yake. Tawadhini.”

“Sasa je?” Mahfudh akasema, kinyonge lakini bado na mwiba. “Umeung’oa. Utatia nini?”

Jalila alikwenda jikoni, akafunga maji ya huko, akaufungua mfereji wake mwenyewe, ule mpya unaong’aa aliouchagua dukani kwa kuugeuzageuza kama anayenunua embe, na bomba lililobaki wazi akalitia kizibo. Alipotoka nao mkononi, Najib akaondoka mlangoni kwa mara ya kwanza.

“Na jikoni utaoshea nini?”

“Ndoo. Na utakayekuwa ukiijaza ni wewe.”

Akapangusa nyuzi za bomba kwa kitambaa kikavu, akazizungushia tepu nyeupe, akaingiza mfereji kwa mkono hadi ukagoma, kisha akaukaza kidogo tu kwa spana na kuacha.

“Thawabu zake sasa za nani?” Mahfudh aliuliza. Safari hii hakuwa akigomba. Alikuwa akiuliza kweli, mfereji wa zamani kaukumbatia kwenye kanzu nyeupe iliyokwisha chafuka.

“Mfereji ni wangu na nia ni yangu,” Jalila akasema. “Na mimi nimemnuilia mzee Badi. Mama, wewe ndiye shahidi wangu.”

“Nimeshuhudia,” Bi Tima akasema kutoka barazani.

Jalila akafungua maji. Yakapanda kwenye bomba kwa mngurumo. Akapitisha kiganja kuuzunguka mfereji, akaingia chumbani kwa mama, akapapasa lile tundu la ukuta kwa ndani, akangoja, akapapasa tena. Hapakuwa na tone jipya. Akakamata kichwa cha kitanda kwa mikono yake yenye tope.

“Najib! Mahfudh! Njooni mkamate miguu. Mama halali tena karibu na ukuta huu mpaka ukauke na upigwe saruji. Leo analala chumbani kwetu.”

Wakaja wote wawili, wakainama, wakainua.