Karatasi Tatu za Fundi Madoa

Mama Mkwe alirudi kutoka semina ya wafanyabiashara na karatasi kubwa kama shuka, na siku hiyohiyo akaibandika ukutani katika chumba cha kupigia pasi cha duka lake la udobi. Aliigawa miraba minne kwa kalamu nene: Nguvu, Udhaifu, Fursa, Vitisho. Mwosha nguo aliposoma neno la mwisho akauliza kama kuna mtu anafukuzwa kazi. Akaambiwa atulie, vitisho ni vya nje, kama yule dobi mpya ng'ambo ya barabara mwenye mataa ya rangi.

Lakini kila mtu alijua zoezi linaelekea wapi. Duka la pili lingefunguliwa mwezi ujao karibu na maghorofa mapya, na Mama Mkwe alitaka kumchagua msimamizi kwa utaratibu, asije akasemwa kwamba anapendelea. Ufunguo wa duka hilo alikuwa ameuvaa shingoni.

Waliokuwa wakiutolea macho ufunguo ule walikuwa wawili, wote wakaza wanawe. Wa kwanza ni mke wa mwanawe mkubwa, aliyeitwa Bi Kaunta. Miaka kumi na mmoja alikuwa amesimama palepale mbele, akipokea nguo, akizibandika namba na kuwasikiliza watu wanaodai vifungo ambavyo hawakuja navyo. Nyuma ya kisogo chake alikaa Mama Mkwe kwenye kiti, akimtazama hata anavyokunywa maji. Duka la pili kwake lilikuwa pumzi. Angefungua mlango mwenyewe asubuhi, na angekosea siku moja bila kuonwa na mtu.

Wa pili ni mke wa kitinda mimba. Huyu alikuja juzijuzi tu, hajatimiza hata miaka miwili dukani, na mikono yake ikawa gumzo la mtaa. Wino, kutu, damu, mafuta ya gari, vyote vilimnyenyekea, hata doa lililoingia kwenye gauni la bibi harusi usiku wa kuamkia harusi. Wakamwita Fundi Madoa.

Tusimung'unye maneno: Bi Kaunta alimwonea wivu, na wivu wenyewe ulikuwa ule wa kukosesha mtu usingizi. Wateja aliowapokea miaka yote, ambao alijua nani kati yao hataki mkunjo kwenye suruali na nani huwashwa na sabuni yenye manukato, sasa walikuwa wakichungulia juu ya bega lake na kuuliza, "Yule dada wa madoa yupo?" Hakuna aliyewahi kuuliza kama dada wa kaunta yupo. Na siku moja mumewe mwenyewe aliingia na shati lenye doa la mafuta, akampita mkewe na kwenda nalo moja kwa moja nyuma. Siku hiyo alilia chooni, kisha akatoka akasema sabuni imemwingia machoni.

"Andikeni mnachotaka, karatasi moja kwa jambo moja, bila majina," Mama Mkwe aliwaambia. "Na ni mwiko mtu kusema kipi ni chake au kuuliza kipi ni cha nani. Huko semina wametuambia ndiyo njia ya kuupata ukweli."

Wakaandika wote: wale wakwe wawili, mwosha nguo, dereva, na mpiga pasi mkongwe waliyemwita Mzee Mvuke. Karatasi zikatiwa kwenye kikapu cha soksi zisizo na wenzake. Bi Kaunta, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri, akapewa kazi ya kuzisoma na kuzinakili ukutani. Mara sauti ya mteja ikapanda kule mbele.

"Huyo niachie mimi leo," Mama Mkwe akasema. "Wewe endelea. Na ninyi wengine rudini kazini, nitawaita."

Akabaki peke yake na kikapu. Udhaifu ulikuwa bomba linalovuja na gari linalochelewa. Fursa ni maghorofa yale. Akafika kwenye nguvu.

Ya kwanza ilisema: "Nguvu yetu ni mke mdogo. Doa likimshinda yeye, chomeni nguo." Ya pili: "Dada wa madoa hana dharau, anafundisha anachokijua." Ya tatu iliandikwa kwa herufi kubwa zinazotetemeka: "Mikono yake ilimrudishia bibi harusi usingizi." Iliyoitaja kaunta ilikuwa moja tu, na hiyo aliiandika yeye mwenyewe.

Roho ilimuuma. Alizisoma tena zile tatu, kisha tena, mpaka akazijua kwa moyo, kama mtu anayebonyeza jipu lake mwenyewe. Halafu akazitumbukiza kwenye beseni la maji ya sabuni. Zilipolainika akazifinyangafinyanga na kuzimwaga kwenye mfereji. Katika mraba wa Nguvu akaandika kwa mwandiko wake mzuri: "Kaunta inamjua kila mteja." Chini yake: "Kaunta ndiyo moyo wa duka." Alipoona pamebaki nafasi akaongeza: "Bila kaunta hakuna duka."

Mama Mkwe akawaita wote, akasoma kwa sauti. Dereva akatazama dari. Mwosha nguo akafunga upya kamba za aproni iliyokuwa imefungwa vizuri tu. Kila mmoja alijua karatasi yake haipo, lakini mwiko ni mwiko. Fundi Madoa naye alijitafuta ukutani, mraba kwa mraba, kisha akainamisha kichwa. Bi Kaunta aliliona hilo, akasikia raha.

Mama Mkwe akavua ufunguo shingoni.

"Mwalimu wa semina alisema nguvu haing'olewi," akasema. "Unajenga juu yake. Sasa huyu mkwe wangu mkubwa, ukuta mzima unamtaja yeye. Nikimtoa hapa duka litaanguka. Mke mdogo hakuna aliyemtaja, basi akiondoka hapatatikisika kitu. Aende yeye kule."

Bi Kaunta aliiona pumzi yake ikienda na ufunguo.

"Lakini Mama," akasema, "duka hili bila yeye litakuwaje?"

"Tulikuwa nalo kabla hajaja."

"Wateja wanamfuata yeye. Niko pale mbele, nasikia. Mama, mikono ile si ya kuachia. Doa likimshinda yeye ni la kuchoma nguo." Maneno yalimtoka bila breki. Hakuwahi kumsifu yule mwanamke hata siku moja, na sasa alimsifu kama anayeomba maji. "Hana dharau, anafundisha anachokijua. Mikono yake ilimrudishia bibi harusi usingizi."

Mzee Mvuke akaisimamisha pasi mezani.

"Mama," akasema taratibu, "ulituambia tusiseme kipi ni chetu. Mimi leo nitasema. Maneno hayo ya bibi harusi niliyaandika mimi kwenye karatasi. Sijamwambia mtu, na hapa hayakusomwa."

"Na ya kuchoma nguo ni yangu," dereva akasema.

Mwosha nguo akaitikia kwa kichwa kwamba ile ya kufundisha ni yake. Fundi Madoa akainua uso na kumtazama Bi Kaunta. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyepigwa kofi na hajui kosa lake.

"Dada," akauliza, "nimekukosea nini?"

Bi Kaunta hakuwa amekosewa lolote, na hilo ndilo lililokuwa likimuuma siku zote.

Mama Mkwe akamvisha mke mdogo ufunguo shingoni, akamrekebisha na kola.

"Nenda mwanangu. Tena sasa unakwenda kwa haki yako."

Akamgeukia mkubwa. Hakupandisha sauti.

"Na wewe nilikuwa nimekuweka hapa kwa sababu ni nguvu yangu. Hapa utabaki. Lakini sasa ni kwa sababu nataka nikuone."

Kule mbele mteja aligonga meza. Bi Kaunta akaenda kumpokea, na nyuma yake akasikia kiti cha Mama Mkwe kikisogezwa karibu zaidi.