Hakuna Mtu Aliyekufa

Redio yetu ilikuwa na sanduku moja tu la muziki wa klasiki, na sanduku hilo lilitunzwa kwa ajili ya kifo cha mkubwa. Siku kiongozi wa nchi akifumba macho, matangazo ya sabuni yanakatwa, vichekesho vinakatwa, na fidla zinaanza kulia bila maneno mpaka serikali ipate la kusema. Sisi wafanyakazi tuliliita sanduku la msiba. Bosi alikuwa mgeni, ametolewa kwenye kampuni ya kuuza rangi, na hakuna aliyekuwa amemweleza.

Asubuhi ile aliingia studio shati limemganda mgongoni.

"Leo hakuna habari," alisema. "Hakuna simu za wasikilizaji. Muziki wa klasiki na vipindi vya utamaduni, kutwa nzima."

Fundi mitambo, tunayemwita Waya kwa wembamba wake, alivua hedifoni. "Klasiki, bosi? Ile ya kwenye sanduku?"

"Kwani tunayo nyingine?"

"Hatuna."

"Basi piga hiyo. Mbona unanikodolea macho kama nimekuomba figo?"

Waya alinitazama, nami nikamtazama. Bosi huyu alikwisha kutufundisha kwamba swali moja ni kiherehere, na la pili ni kufukuzwa kazi. Fidla zikaanza.

Mimi natangaza kipindi cha lugha. Kila siku nachukua neno moja la Kiswahili, nalipasua mbele ya wasikilizaji, nao wanapiga simu kubishana. Ugomvi huo naupenda kuliko mshahara. Siku hiyo nilikuwa nimeandaa neno "kiraka", nikatoka nje kwenda kunywa maji kabla ya zamu yangu.

Koridoni nilimkuta mwandishi wetu wa habari amekaa sakafuni, masizi mpaka kwenye kope.

"Kiwanda cha mashati kimeungua," alisema. "Moto ulianzia stoo ya vitambaa. Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli kwa nje."

"Kufuli ya nini watu wakiwa kazini?"

"Wasitoke na mashati."

Kiwanda kile na redio yetu ni mali ya tajiri mmoja. Bosi alikuwa amemnyang'anya mwandishi kinasa sauti, akamwambia aende nyumbani akaoge.

Mtoto wa mama mdogo, mdogo wangu, alikuwa akishona vifungo kiwandani humo. Wenzake walimwita Kifungo naye akaitika. Akikutana na mwanamume aliyeacha kifua wazi alikuwa akimwambia, "Kaka, kazi yangu imekukosea nini?"

"Umemwona Kifungo?"

"Sijaona wote, dada. Narudi huko."

"Si umeambiwa uende nyumbani?"

"Nyumbani ni njia hiyohiyo."

Nilimpigia Kifungo. Simu iliita mpaka ikakata. Nilipojaribu tena, haikuita.

Niliporudi studio, mji ulikuwa umeanza kujibu muziki wetu. Kupitia dirishani nilimwona muuza viatu akishusha mlango wa chuma wa duka, na jirani yake akifanya vilevile. Shule ya mtaa wa pili ilishusha bendera nusu mlingoti bila kuambiwa na yeyote. Waya alikuwa ametoboa sikio la mji mzima, naye alikaa pale amejikunyata kama anayesubiri kipigo.

Simu yangu ikaita. Alikuwa mama mdogo.

"Mwanangu, redio yenu inamlilia nani? Mkubwa kafa?"

"Hapana, mama."

"Usinifiche. Huku mtaani kila mtu keshafunga. Haya, nimeshatia maji jikoni. Kama kuna msiba wa taifa watawaachia mapema, na huyu mtoto akirudi anataka kuoga kwanza."



"Mama, nitakupigia."

"Sawa. Ukimpata kabla yangu mwambie apitie mkaa."

Sikuwa nimeweka simu chini vizuri mwandishi akapiga kutoka hospitali kuu. Kwa nyuma nilisikia magurudumu ya kitanda na mwanamke akiita jina moja bila kupumzika.

"Yuko huku," alisema.

"Wodi gani?"

Alianza kunieleza habari za geti la kiwanda.

"Nimekuuliza wodi gani!"

"Dada, hayuko wodini. Na watu wako getini kiwandani, walinzi wanawaambia wasubiri, ndugu zao watatoka. Hakuna anayetoka pale. Wote wameletwa huku."

Nilimpigia mama mdogo. Laini ilikuwa na mazungumzo. Bila shaka alikuwa akiwapasha jirani habari za mkubwa. Nilipiga tena na tena, nikiwa nimejishikilia kwenye meza ya mitambo, mpaka Bosi akaingia akipunga karatasi.

"Mji mzima umechanganyikiwa!" alifoka. "Ikulu wamenipigia mimi! Mimi! Wananiuliza kwa nini namuua mkuu wa nchi! Waya, huu muziki una nini?"

"Ni wa msiba, bosi."

"Na hukuniambia?"

"Uliniambia nipige."

Bosi alinigeukia. "Wewe sauti yako wanaiamini. Ingia usome hii. Neno kwa neno, usiniletee ushairi."

Nilisoma ile karatasi. Tunawahakikishia wasikilizaji wetu wapendwa kwamba hakuna mtu aliyekufa. Endeleeni kufurahia muziki na vipindi vyetu vya utamaduni.

"Hakuna mtu?" niliuliza.

"Hakuna."

"Na wa kiwandani?"

Macho yake yalikimbilia dirishani, kisha yakarudi. "Usinichanganyie mambo. Unajua ninachosema. Hakuna mtu. Mtu mwenyewe, mtu hasa."

Niliingia nikafunga mlango. Waya alishusha fidla taratibu, akawasha taa nyekundu.

"Habari za mchana," nilisema. "Neno letu la leo ni mtu. Nimepewa karatasi niwasomee kwamba hakuna mtu aliyekufa. Sarufi ya sentensi hiyo haina kasoro, lakini ni uongo. Mkuu wa nchi ni mzima, fungueni maduka. Kiwanda cha mashati kimeungua asubuhi hii, na mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Mwenye ndugu yake asisubiri getini. Aende hospitali kuu. Mtu, wingi wake watu. Watu wamekufa. Mmoja ni mdogo wangu, alikuwa anashona vifungo."

Nyuma ya kioo Bosi alikuwa akipiga ngumi meza. Midomo yake ilisema kata, kata, kata. Waya alikuwa akikitafuta kitufe alichokibonyeza maisha yake yote, na siku hiyo, maskini, hakukiona.

Siku ya tatu baada ya mazishi niliitwa ofisini. Bosi alikuwa na mwanasheria wa tajiri, mwanamume mpole aliyenivutia kiti. Walitaka niseme hewani kwamba nilikuwa nimechanganyikiwa kwa uchungu. Niombe radhi kwa tajiri, kwa wasikilizaji, kisha nirudi kwenye kipindi changu.

"Siombi," nilisema.

"Basi achana na tajiri," Bosi alisema, akishusha sauti kama mtu wa ukoo. "Mama yako mdogo je? Amejua kifo cha mwanawe redioni, amesimama peke yake jikoni. Huyo naye humuombi radhi?"

Alijua pa kuchomeka kisu. Mama mdogo hasemi nami. Msibani nilimshika mkono, akautoa polepole, akaupangusa kwenye kanga yake. Huenda hatasema nami tena. Lakini watu waliondoka getini mchana ule wakakimbilia hospitali, na wawili niliowaona kwa macho yangu waliwakuta wa kwao wangali wanapumua, wakaagana nao.

"Mama mdogo alikuwa anamtilia maiti maji ya kuoga," nilimwambia, "kwa sababu ninyi mlikuwa mnampigia fidla."

Mwanasheria alisukuma kalamu mbele yangu. "Mstari mmoja tu, dada. Chagua maneno mwenyewe. Wewe ni mtu wa lugha."

Nilisimama.

"Siombi radhi. Si kwa tajiri, si kwako, si kwa mama mdogo. Siombi."