Mkono wa Nasike

Bomba la maji katika ploti ya Ng'ang'a, pale Kawangware 56, lilipasuka Jumanne asubuhi ya mwaka wa tisini na saba, wapangaji wakiwa kwenye foleni. Lilipasuka kati ya mita iliyo getini na mfereji ulio uani. Msoma mita aliyekuwa akipita alichungulia. "Yetu inaishia kwa mita," alisema, akapanda baiskeli yake. Wanzala, keateka aliyeitunza ploti, alisema kazi yake ni kufagia na kufunga geti. Ng'ang'a, mwenye ploti, hakusema kitu kwa sababu hakuwepo.

Nasike wa rumu namba nne alikuwa na kipande cha tyubu ya baiskeli. Alikifunga penye ufa, maji yakatulia, kila mtu akachota. Wema hauozi, husemwa. Lakini ploti ile ilikuwa na desturi yake: anayetia mkono kwenye kitu kibovu amekubali kuwa ni chake. Ndiyo maana mlango wa choo ulikuwa umening'inia miaka miwili, na watu wazima waliupita mikono mfukoni. Nasike alikuwa amekaa pale miezi mitatu tu. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Ng'ang'a alikuja Jumamosi.

"Nani alifunga huu mpira?"

"Ni mimi, mzee. Nilikuwa nasaidia tu."

"Umeshika, umekubali. Hiyo sasa ni yako."

Jumatatu bomba lilikauka, na maji yakaanza kutoka kwenye kiwiko cha kushoto cha Nasike, safi, baridi, yenye harufu kidogo ya dawa. Akeyo, jirani wa namba tano, ndiye aliyewahi na mtungi. "Inua kidogo, dada, iingie vizuri," alisema. Wanzala aliihamishia foleni mbele ya namba nne. Kila saa tatu asubuhi alimrushia Nasike kamba, naye akajifunga mwenyewe juu ya kiwiko, kwani mfereji pia ulikuwa ukifungwa saa hiyo.

Nasike alikuwa msusi, na kamba ile haikuzuia yote. Lenah, mwenye saluni, alivumilia wiki moja. Wateja waliokuja kukaushwa nywele walitoka vichwa vikidondosha maji. "Ukishatengenezwa, urudi," Lenah alimwambia. Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomuumiza Nasike.

Baadaye bega likaanza kumuuma. Maji yakapungua, yakaja na kutu, na foleni ikaanza kunung'unika. Msoma mita aliitwa. Alimtazama Nasike kuanzia vidole hadi shingo, asione mita. "Hii ni mambo ya ndani ya ploti," alisema. Ng'ang'a naye alipoulizwa hakufikiri sana.

"Ulihamia hapa na huo mkono. Kitu mpangaji amekuja nacho, anajirekebishia."

Wapangaji waliitikia kwa vichwa. Kusema kweli, ilisikika kama sheria. Jioni hiyo Akeyo alichemsha maji amkande jirani yake bega. Alifika mlangoni na kitambaa, akakumbuka desturi, akaiweka sufuria chini na kurudi kwake. Nasike alijikanda kwa mkono mmoja. Alikuwa na hasira, na hakuwa na wa kumkasirikia zaidi ya kiwiko.

Dada yake, Nanyama, alimwita ahamie kwake, mtaa wa Gatwekera. Huko hakuna desturi kama hiyo, alisema. Angemkanda mpaka maji yaishe, arudi kusuka. Nasike alitoa notisi. Mwisho wa mwezi alifunga godoro lake, akatoka.

Ng'ang'a alikuwa amesimama getini. Alikagua godoro, stovu na masufuria mawili.

"Hizo ni zako, beba." Kisha akauelekeza mkono wa kushoto kwa kidevu, asiuguse. "Huo unabaki. Bomba la ploti haliondoki na mpangaji."

Nasike alimgeukia Wanzala, na Wanzala akafunga geti, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Godoro likashushwa. Nyuma yake watu walikuwa wameshapanga mitungi, na mmoja aliuliza kama leo maji yana kutu.