Mama Mkwe Akae Juu

Mume wangu Siraje ana malori ya kubeba saruji, na madereva wake huyaendesha wanavyotaka. Lakini usukani wa boti yake pale Katwe, kando ya ziwa, haugusi mtu. Hata mimi niliyemzalia watoto nikiuegemea tu, anakohoa. Ni boti ya mbio, nyeupe, yenye pua ndefu na kachumba chini ambamo ukiingia magoti yanakusalimia kidevu. Nilikuwa nimeizoea vile mtu anavyomzoea mke mwenza.

Shida ilianzia kwenye macho ya mama. Mama yangu, Hajati Hamidah, anaishi Bwera, lakini alizaliwa kwenye mwalo wa Kayanja, pale mitumbwi ya samaki inapotia nanga, kwa kuwa babu alikuwa mvuvi. Jicho lake moja lilizima zamani. Mwaka huu daktari alituambia la pili nalo linakwenda, na hakuna dawa ya kulirudisha. Mama hakulia.

"Kulusum, mi nataka kuona Kayanja kutoka mu maji," alisema. "Mara moja tu. Njia ya gari, hapana. Mu maji, vile baba alikuwa anatuleta."

Utasema ni jambo rahisi, boti ipo na ziwa lipo. Ngoja kwanza. Kwetu, mume wa binti na mama wa binti hawagusani, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, wala hawasemezani. Maneno yao hupitia kwa mtu wa katikati, na mtu huyo ni mimi. Siraje akimwona mama sokoni Bwera anavuka barabara mbio, hata kama bodaboda zinamjia. Ndani ya boti ile wangekaa goti kwa goti. Nikamwambia basi amwachie usukani Kakule, mvuvi tunayemwamini, ampeleke mama. Alinitazama kana kwamba nimemwomba figo.

"Kakule ataharibu gia," alisema.

Akanyamaza. Siraje akinyamaza, ujue kuna kitu anataka kununua. Siku moja akaweka kikombe cha chai chini, akasema, "Nitabadilisha boti. Iko zingine kubwa, ziko na usukani ndani, na ingine juu ya paa. Mama anakaa yake, mimi nakaa yangu." Nilifurahi mpaka nikachinja jogoo.

Boti za aina hiyo alikuwa nazo Aziz, dalali wa Kasese aliyewahi kuwa mwanajeshi na ambaye sauti yake bado iko kambini. Uani kwake, mbali kabisa na maji yoyote, zilisimama boti mbili juu ya magogo, kuku wamejikinga jua chini yake. Tulikwenda na mama, kwa sababu nilisema sinunui kitu cha mama bila mama. Yeye alibaki ndani ya gari langu, kioo kimepandishwa, mtandio ameuvutia upande aliko mkwewe.

Boti ya kwanza ilikuwa kweli ya kutamanika. Ndefu, injini mbili, viti vya ngozi. Siraje alipanda mpaka juu ya paa, akakamata usukani, akaangalia mabati ya Kasese hadi milimani kama mtu aliyeteuliwa waziri asubuhi hiyo.

"Kulusum, ni hii!" alipiga kelele. "Ni hii tu!"

Nikaenda garini kumweleza mama.

"Na mi nitakaa wapi?" aliuliza.

"Chini, mama. Ndani, kwenye viti vizuri."

"Na huyu?"

"Yeye juu, anaendesha."

"Kulusum. Mutu alioa mutoto wangu akae juu ya kichwa yangu? Na makalio yake?"

Nilipeleka ujumbe, makalio nikayaacha garini. Siraje alishuka upesi kama aliyekalia kaa la moto. Ukweli ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewaza hilo.

"Haji, kwani tabu iko wapi?" Aziz alimfokea Siraje. "Mama juu, wewe chini! Usukani iko mbili! Mama, panda! Songa!"

Basi mama akaletwa. Ngazi ya boti ile ilikuwa ya chuma, imesimama wima kama ya wapaka rangi. Mama aliweka mguu mmoja akasimama. "Huyu asiangalie," alisema. Siraje akajifunika uso kwa kofia. Haikutosha. Akageukia ukuta. Haikutosha. Mwishowe akajifungia katika choo cha boti, katika joto lile la Kasese, na huko ndani Aziz alikuwa ameweka magunia ya kahawa.

Mama alipanda vidato viwili. "Muguu yangu haioni," alisema polepole, akashuka. Sikupenda alivyoshuka. Alikuwa ameshaanza kuikunja hamu yake na kuirudisha sandukuni, na mimi roho iliniuma vibaya.

Boti ya pili Siraje alikuwa ameipita bila kuisalimia. Nene, nzito, injini moja, rangi ya chai iliyolala. "Ndoo," aliiita. Lakini ilikuwa na ngazi pana zenye mikono pande zote mbili, kama za nyumba ya mtu. Siraje, jasho likimtiririka, akahamia choo cha boti hii. Mama alipanda mpaka juu, mimi nyuma yake, akaketi kwenye kiti cha nahodha akainua uso.

"Upepo iko muzuri hapa," alisema.

"Amefika?" ikaja sauti kutoka chooni.

"Amefika."

"Amekaa?"

"Amekaa."

Siraje alipotoka aliitazama mara moja boti ya injini mbili, kama msichana ambaye baba yake amekataa posa. Kisha akamwambia Aziz, "Tunachukua hii ndoo." Saa hiyo nilimpenda kuliko siku ya nikahi.

Tuliiteremsha majini Katwe. Siraje alikaa ndani kwenye usukani wa chini, mama juu, mimi kwenye ngazi katikati, mkalimani wa watu wanaozungumza lugha moja. Tulikwenda vizuri mpaka Siraje akaanza kupiga kelele.

"Kulusum! Usukani inajizungusha!"

Alikuwa anavuta kulia, wenyewe unarudi kushoto. Alishawataja Aziz na ukoo wake wote nilipopanda kuangalia. Mama alikuwa ameshika usukani wa juu kwa mikono miwili. Sukani zile zimeunganishwa kwa bomba la mafuta, ukizungusha mmoja na wa pili unazunguka, na Aziz alishamweleza Siraje. Siraje asingeweza kumwambia mama, akadhani nitamwambia mimi asiuguse. Mimi nikadhani hakuna haja, nani anamfundisha mwanamke mzee uendeshaji?

"Mama, achia. Huo ni usukani wa kweli."

"Mi najua. Kwanza nilizani ni ya kushikilia tu. Kayanja iko huku. Huyu anatupeleka wapi?"

Nikashuka nikasema ni mama. Watu ambao hawajapeana mkono tangu arusi yangu walikuwa wanavutana kupitia bomba la mafuta.

"Mwambie aachie," alinong'ona.

Nikapanda. "Aachie yeye," mama alisema.

Nikashuka na hilo, nikaongeza langu. "Siraje, jicho lile halitarudi."

Aliutazama usukani wake. Akaondoa mkono mmoja, akaondoa wa pili, akaikalia yote miwili. Boti ikageuka kushoto, na mbele yake usukani ukawa unazunguka peke yake, kidogo kidogo.

"Mwambie kuna viboko upande wa kulia," alisema baadaye kidogo, sauti ya chini. "Azidi kushoto."

Nikapanda, boti ikazidi kushoto. "Mwambie kuna nyavu." Nikapanda tena. Yeye anaona, mimi nabeba, mama anazungusha, mpaka magoti yangu yakawaka moto na mitumbwi ya Kayanja ikaanza kuonekana ufukweni. Mama alisogeza uso mbele, akalikaza lile jicho.

"Kulusum," aliita, "ambia mutoto wangu apunguze moto. Nataka kufika polepole."

Mutoto wangu. Miaka yote hiyo Siraje alikuwa "huyu." Niligeuka nishuke na ujumbe, lakini kabla mguu wangu haujagusa kidato cha kwanza, mlio wa injini ulikuwa umeshapungua.